Kengele ya mwizi ya kujitengenezea: sinia, makopo au kibanio cha nguo?

BintiKisauni
Assalaam aleikum jamaa. Nimepanga nyumba ya chini huku Kisauni, mlango wa nyuma unatokea uani. Wiki jana waliingia usiku, wakabeba mtungi wa gesi na simu ya mama iliyokuwa ikichajiwa jikoni. Hatukusikia kitu, feni ilikuwa inavuma. Mitambo ya dukani siimudu. Nimejaribu mambo mawili. Kwanza, sinia la bati nimeliegemeza kwenye mlango kwa ndani. Pili, makopo ya maziwa yenye kokoto, nimeyatundika uani kwa mshipi wa kuvulia. Sinia lilituamsha sote, kumbe paka. Makopo yamelia usiku kucha kwa upepo. Nyinyi mnatumia nini?

MzeeLikoni
Pole sana binti yangu. Upepo wa kusi huo, utakuwa nao hadi mwezi wa tisa, kwa hivyo makopo ya nje yasahau. Ukiyazoea kulia bure, siku ya mwizi utageuka upande wa pili ulale. Yatie ndani. Sinia nalo usiliegemeze chini. Liweke juu ya kabati, ulifunge uzi hadi kwenye kitasa. Mlango ukisukumwa, sinia linavutika na kuangukia saruji. Paka hafungui mlango.

BintiKisauni
Shikamoo mzee. Hilo la kitasa sikuliwaza, nalifanya leo.

FundiRedio
Mzee amesema kweli, lakini sinia hulia mara moja likanyamaza, na aliyelala chini ya feni huenda akadhani ni ndoto. Mimi natumia kibanio cha nguo. Unazungushia waya wa shaba uliomenywa kwenye kila mdomo wa kibanio, ili midomo ikibana, waya zigusane. Katikati unachomeka kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye kifuniko cha ndoo ya mafuta. Kipande kinafungwa mshipi hadi mlangoni, kibanio kinapigiliwa kwenye fremu. Waya mmoja unaenda kwenye betri ya volti 9, wa pili kwenye kipaza kidogo cha mlio, kile kinachokubali volti 3 hadi 24. Waya mwekundu wa kipaza uende upande wa chanya, ule mwingine upande wa hasi wa betri. Mlango ukifunguka, plastiki inachomoka, mlio unaanza. Mwizi akiurudisha mlango haumsaidii, mlio unaendelea. Wazo hilo ni la zamani: Augustus Pope wa Massachusetts, Marekani, alipata hataza ya kengele ya umeme ya wezi mwaka 1853, nayo haikunyamaza kwa kufunga mlango tu.

Kipaza kiweke chumbani kwako, si mlangoni. Akikiona atakivunja.

KijanaTudor
Kwa nini msiunganishe tu grili na umeme wa ukutani? Akigusa anajifunza.

FundiRedio
Hapana kaka, hata kwa mzaha. Ule ni umeme wa volti 240. Ataanza kuushika mtoto anayefuata mpira, au wewe mwenyewe ukirudi usiku umesahau, na mvua ikinyesha ukuta mzima unakuwa hatari. Mwizi akifa, kesi ni yako. Betri ya volti 9 haimuumizi mtu.

KijanaTudor
Nimekuelewa fundi, naondoa neno.

UmmuSwaleh
Niongeze la simu ya zamani, kwa sababu nimeitumia miezi mitatu. Kuna programu zinazofanya kamera itambue mwendo. Mchana ni nzuri. Usiku bila taa haioni, na ukiiacha kwenye chaja siku nzima betri inaweza kuvimba, yangu ilivimba. Kibanio hakili umeme kikisubiri, na umeme ukikatika mtaani hakijali. Kasoro yake huku kwetu ni hewa ya chumvi: shaba inaota ukungu wa kijani mpaka waya hazishikani. Mimi nazisugua kwa msasa na kupima kila Ijumaa. Betri nabadilisha kabla haijaisha.

Waambie na majirani, mamii. Wakisikia mlio bila kujua ni nini, watadhani ni pikipiki.

BintiKisauni
Nimerudi na majibu. Nimeweka vyote viwili, kibanio mlango wa nyuma na sinia dirisha la jikoni. Nimewasha feni, mama akalala, nikamwomba ndugu yangu asukume mlango pole pole. Kwanza mlio haukumwamsha mama, kipaza kilikuwa sebuleni. Nimekihamishia juu ya kitanda chake, safari hii ameruka. Mshipi nimeukaza zaidi ili plastiki ichomoke mlango ukiwa umefunguka upana wa vidole viwili tu. Jirani wa kulia na yule muuza mahamri wa kona nimewasikilizisha mlio wenyewe. Fundi, dirisha la jikoni linateleza pembeni, halifunguki kwa nje. Kibanio nikifunge wapi?

FundiRedio
Kwenye fremu, upande dirisha linapofungia. Plastiki uifunge kwenye kioo chenyewe kwa gundi na uzi mfupi, ili kioo kikiteleza kiivute moja kwa moja.