Kamera ya mtoto imegeuzwa ya kuniangalia mimi nikivaa, na baba mdogo naye anaangalia!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu anitulize. Mimi ni dada wa kazi, nalea mtoto kwenye nyumba moja huku Goba. Kazi naijua na naipenda. Nimelea Tabata, nimelea Kinondoni, na mama wa huko mpaka leo wananipigia simu watoto wao wanisalimie.

Kamera ya sebuleni sina neno nayo. Jikoni sina neno. Ya getini ndiyo kabisa, maana siku kitu kikipotea inanilinda hata mimi. Mzazi anayemwacha mtoto wa miezi tisa akaenda kazini Posta, na foleni ya Mwenge ile, ana haki ya kuchungulia kama mwanawe kala na kalala. Klipu za madada wanaopiga watoto nimeziona kama nyie na ziliniliza, kwa hiyo msiniletee hizo hapa.

Shida ni chumbani. Nalala na mtoto chumba kimoja, kitanda chake ukutani, changu pembeni, begi langu la nguo chini. Sina pengine pa kubadilishia. Nimerudi sokoni siku moja nakuta fundi kashafunga kamera juu ya kabati, zile za Kariakoo zenye kichwa kinachozunguka. Hakuna aliyeniambia. Nauliza, najibiwa "ya mtoto hiyo".

Sawa, ya mtoto. Mbona nikitoka kuoga inageuka na mimi kuanzia mlangoni mpaka kitandani? Fundi akasema zinafuata mwendo zenyewe. Haya, nikakubali. Lakini usiku taa imezimwa, mtoto kalala, mimi nimejilaza kimya, hakuna anayetikisika, nasikia kale kamlio ka mota na kichwa kinatoka kwa mtoto kinakuja kwangu. Huo ni mwendo wa nani?

Jibu nililipata Jumapili. Baba mdogo wa mtoto, kijana wa chuo, alikuja kula. Namtengea chakula, ananiambia mbele za watu kwamba lile gauni langu la kijani la kulalia limechoka, ataninunulia jingine. Gauni hilo halijawahi kutoka nje ya chumba kile! Bakuli la mchuzi lilitaka kunidondoka. Wengine wakacheka.

Nikamfuata bosi jikoni. Kumbe huyo kijana ndiye aliyewaunganishia kamera, na programu imo kwenye simu yake, imo kwa bibi yake mtoto kule Moshi, imo na kwa shangazi. Ukoo mzima unaona chumba ninacholala, na mimi ninayeonekana humo ndiye pekee niliyekuwa sijui. Tena kuna kadi ya kumbukumbu ndani, mtu anarudisha nyuma anaangalia upya akiwa na wenzake hosteli. Nikaomba kijana atolewe na kamera ielekezwe kwa mtoto tu. Nikajibiwa: "Kama huna unachoficha unaogopa nini? Hapa ni kwangu."

Ninachoficha ni mwili wangu. Nimeajiriwa kulea, mwili haumo kwenye mshahara. Katiba ibara ya 16 inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Dada wa kazi ni mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo imejengwa juu ya msingi huo, kwamba mtu ajulishwe taarifa zake zinachukuliwa kwa ajili gani na nani atazipata. Mimi nilijulishwa na mtu anayeongelea gauni langu la kulalia.

Wenye nyumba mliomo humu, fungueni hizo programu leo, mwangalie ni nani na nani mmewashirikisha. Kumfuta mtu ni kugusa jina lake na kuchagua kumwondoa tu. Kama mlimpa nywila yenyewe, badilisheni nywila. Kisha mwambieni dada kamera ziko wapi na nani anaangalia, kabla hajaanza kazi, siyo akishavuliwa nguo na macho ya watu asiowajua. Chumba anacholala, kamera itazame kitanda cha mtoto basi, na akitaka kuvaa aruhusiwe kuifunika. Mtoto hatapungukiwa chochote kwa dakika hizo.

Kwetu hakuna kilichofanyika. Kijana bado yumo. Tangu Jumapili kila nikitaka kuvaa naifunika kamera kwa kanga, na asubuhi ya leo bosi kaniambia nikiifunika tena nifungashe virago.

Nitaifunika.