Mjadala: Mahakama ishike neno la dai la hataza, au kiini cha uvumbuzi?

Mchora Madai

Wakuu, hataza ni haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, na dai ni sentensi ya hati yake inayoweka mpaka wa kinacholindwa. Mshindani akikwepa neno moja tu kwenye dai hilo, aachiwe aende zake? Msimamo wangu: aachiwe, isipokuwa pale ambapo neno lenyewe, likisomwa na fundi wa kazi hiyo, linaruhusu tofauti hiyo.

Tuanze na kesi ya linta (boriti za juu ya milango na madirisha) za kampuni ya Catnic, Uingereza. Dai lilisema bamba la nyuma la linta ya chuma linasimama "wima". Hill & Smith wakatengeneza linta ya namna hiyohiyo, ila bamba la nyuma wakaliinamisha nyuzi 6 kwenye aina moja na nyuzi 8 kwenye nyingine. Uwezo wa kubeba mzigo ukapungua kwa asilimia 0.6 na 1.2 tu. Mwaka 1980 jaji Lord Diplock aliona kwamba mjenzi akisoma "wima" hafikirii nyuzi 90 kamili, anafikiria wima unaotosha kubeba ukuta. Hill & Smith wakashindwa. Hukumu hiyo naikubali kwa sababu haikulitupa neno, ilimuuliza anayelitumia kazini. Kuvuka hapo ni hatari. Mwenye karakana anayetaka kutengeneza bidhaa inayokaribiana na ile hana kingine cha kumwonyesha mpaka ila maandishi ya dai.

Karakana

Mkuu, hapo ndipo tunapoachana. Chukua Epilady, mashine ya kung'oa vinyweleo. Dai lilitaja springi ya koili iliyopindwa kuwa tao na kuzungushwa kwa kasi. Upande wa nje wa tao mizunguko ya koili inaachana, unywele unaingia. Ikifika upande wa ndani inabana, unywele unang'oka. Washindani wao, Remington, wakaweka ufito wa mpira wenye mikato inayofunguka na kufunga vilevile. Mahakama ya Uingereza ikasema mpira si springi, hakuna ukiukaji. Ya Ujerumani ikasema upo. Hataza ni ileile ya Ulaya!

Mvumbuzi alifundisha kubana na kung'oa kwa mianya inayofunguka na kufunga. Mshindani kalibeba fundisho zima, kabadili malighafi. Ibara ya 69 ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya inasema upana wa ulinzi unaamuliwa na madai, lakini itifaki yake inadai pia haki kwa mwenye hataza, si uhakika kwa washindani peke yake. Anayeshika neno tu anasoma nusu ya sheria.

Mchora Madai

Mianya ndiyo ilikuwa kiini? Basi dai la kwanza lingesema "kiungo nyumbufu chenye mianya", na springi ikashushwa kwenye dai tegemezi, yaani dai la chini linaloongeza sharti juu ya la kwanza. Ni kweli, dai pana lina hatari ya kugusa vitu vilivyokuwapo tayari likaanguka kwa kukosa upya, na ndiyo maana tunaandika madai kwa ngazi: la juu likianguka, la chini linabaki.

Kanuni ya kazi ni moja. Dai lina A, B, C na D. Mshindani akiongeza E, bado kakiuka, mradi dai limesema kifaa "kinajumuisha" sehemu hizo. Likisema "kimeundwa na A, B, C na D pekee", E hiyo inamwokoa. Akiondoa D kabisa, kapona. Kwa hiyo pitisha kalamu kwenye kila sehemu na uulize: hii ikitoka, kifaa bado kinafanya kazi yake? Kama ndiyo, haina nafasi kwenye dai la kwanza. "Skrubu nne" zimewaponza wengi; mshindani anaweka tatu.

Ukiandika "takriban wima", mkaguzi wa ofisi ya hataza anaweza kupinga kwamba halieleweki. Dawa yake ni kutaja kwenye maelezo, tangu siku ya kuwasilisha, nyuzi zinazokubalika, mfano 80 hadi 90, na sababu yake. Baadaye huwezi: Ibara ya 123 ya mkataba huohuo wa Ulaya inakataza kuongeza jambo jipya baada ya kuwasilisha, na inakataza pia kupanua ulinzi baada ya hataza kutolewa. Ukipenyeza sehemu isiyo na msingi wakati wa ukaguzi, umenasa. Kuiacha ibaki hairuhusiwi, na kuiondoa kunapanua dai.

Dawa Nafuu

Mnazungumzia vyuma, ila tangu tarehe 12 Julai 2017 Uingereza imehama. Katika kesi ya kampuni za dawa, Actavis dhidi ya Eli Lilly, dai la Lilly lilitaja pemetreksedi disodiamu (chumvi ya sodiamu ya pemetreksedi, dawa ya saratani) pamoja na vitamini B12. Actavis walipanga kutumia pemetreksedi yenyewe au chumvi zake nyingine. Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Lord Neuberger, ilikubali kwamba kwa maana ya kawaida haziko ndani ya dai, kisha ikasema ni ukiukaji, kwa kuwa zinaleta matokeo yaleyale kwa njia ileile.

Kinachoniuma ni kwamba Lilly waliomba dai pana zaidi, mkaguzi akapinga, wakabana hadi disodiamu. Mtengeneza dawa za bei nafuu anaisoma historia hiyo, anapanga bidhaa yake kwa nia njema, kisha anaambiwa mafaili ya ukaguzi kwa kawaida hayaangaliwi. Marekani, kwenye kesi ya Festo ya mwaka 2002, dai lililobanwa ili likidhi sheria linaleta dhana kwamba eneo lililoachwa limesalimishwa, na mwenye hataza ndiye mwenye mzigo wa kuivunja. Huo ni uadilifu zaidi.

Karakana

Kwenye chumvi nasimama na mahakama. Kinachoshambulia uvimbe ni pemetreksedi. Sodiamu ni mbebaji tu, na mkemia yeyote angejaribu chumvi nyingine. Ila la Festo nalipokea, tena lingetufaa huku: ombi moja la ARIPO (shirika la kanda ya Afrika la miliki bunifu), chini ya mkataba wake wa hataza, Itifaki ya Harare, linaweza kutaja Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, lakini ukiukaji unaamuliwa na mahakama ya kila nchi. Maneno yaleyale yatasomwa Nairobi na Dar es Salaam na majaji tofauti, kama Epilady. Faili la ukaguzi likiwa wazi kwa wote, angalau majaji hao wataanzia ukurasa mmoja.

Mchora Madai

Kwa sharti kwamba faili limnyime mwenye hataza kile tu alichokiacha ili kumridhisha mkaguzi, si kila neno aliloligusa. Kusahihisha tahajia si kusalimisha.