Naandika mchezo wa London ya 1940, mhusika wangu mkuu ananishinda. Ushauri wakuu

Wakuu habari za jioni. Kikundi chetu kinataka mchezo wa jukwaani: London, 1940, ndege za Wajerumani zinadondosha mabomu usiku, na dada mmoja kaajiriwa kuandika filamu za kuwatia wananchi moyo. Mwenzangu anasema bila mapenzi watu watasinzia. Mimi naona mapenzi yatameza kazi yake. Halafu mwanamke wa enzi zile alifanya nini hasa kwenye filamu? Nimekwama.

ChaiYaRangi: Walikuwepo mkuu. Msome Ruby Grierson. Mwaka 1940 aliongoza They Also Serve, filamu fupi ya mama wa nyumbani na majirani zake wakati wa vita. Septemba mwaka huohuo akapanda meli City of Benares, akipiga filamu ya watoto waliokuwa wakipelekwa Canada kukimbia mabomu. Nyambizi ya Wajerumani ikaizamisha, naye akafia humo. Mchumba wa nini tena hapo?

MzeeWaJukwaa: Mapenzi weka, ila ya kuibia-ibia, kazi ikiendelea. Kazi yenyewe ina utamu. Mwongozaji Mwingereza Humphrey Jennings alipotengeneza filamu ya Fires Were Started (1943), waigizaji walikuwa wazimamoto wenyewe, na moto uliwashwa makusudi. Hebu fikiria: mtu kazima moto wa kweli miezi kadhaa, leo anaambiwa arudie, kamera haikumpata vizuri!

Binti_Pangani: Mnasifia tu. Ilikuwa propaganda, tusizunguke. London Can Take It! ya 1940 ilisimuliwa na Quentin Reynolds, mwandishi wa Marekani anayejitambulisha kuwa hana upande. Kumbe mwenye filamu ni Wizara ya Habari ya Uingereza, inawalainisha Wamarekani. Na tangu 1939 kulikuwa na Colonial Film Unit, kitengo cha filamu cha Waingereza cha kuwashawishi watu wa makoloni waunge mkono vita. Babu zetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, walifika hadi Burma kupigana. Huyo dada yako hajiulizi anamwandikia nani?

Mwanzisha uzi: Binti, hapo umenigusa. Mchumba anabaki pembeni. Naweka mzimamoto anayegoma kuigiza usiku aliompoteza mwenzake, na dada ndiye katumwa na wizara kumbembeleza. Sasa Mzee, moto jukwaani nautengenezaje?

MzeeWaJukwaa: Taa nyekundu na za njano kutoka chini, feni, vipande vya kitambaa chepesi. Mashine ya moshi achana nayo kama ukumbi ni mdogo, watu watakohoa wasisikie maneno. King'ora kipigie nje, nyuma ya watazamaji.