Kitufe cha "ondoa bakgraundi" kwenye programu za kudarizi ni usanii mtupu

Wakuu nimechoka, leo naongea. Hizi programu za kugeuza picha kuwa faili la kudarizi zinauzwa bei ya kuumiza, halafu kwenye tangazo wanakuonyesha ua jekundu juu ya nyeupe safiii, mtu anabonyeza kitufe, bakgraundi imeyeyuka, tupige makofi. Leteni basi logo za ukweli! Ile JPEG ya mteja imeshatumwa simu hadi simu, ukiivuta karibu kila herufi imezungukwa na vumbi la pikseli za kijivu na krimu. Kitufe kinafuta nyeupe kubwa, vumbi linabaki, na huwezi kuliona maana skrini yenyewe nayo nyeupe.

Cha ajabu wakati wa kutengeneza mishono programu hiyohiyo inaliona vizuri tu! Inalihesabu kama rangi nyingine ya uzi, mashine inaanza kudonoadonoa, inakata uzi, inaruka, inashona vitone viwili, inakata tena, geuza kitambaa uone nyuma, mafundo matupu. Kama ni fulana nyepesi sindano imepiga palepale mpaka imetoboka.

Na nafasi za ndani je? Tumbo la O, kile kipembetatu cha A, hapo haigusi kwa sababu hazijaungana na nyeupe ya nje, unaletewa O imejaa uzi mweupe kama kifungo cha shati. Ukiilazimisha ifute nyeupe zote inabeba na macho na meno ya simba aliyeko kwenye logo ya watu. Simba kipofu, kibogoyo, nani atalipia hiyo?

Uliza huduma kwa wateja, unaambiwa futa mishono ya bakgraundi baadaye. Baadaye ipi?? Maumbo yameshakatwa kwa kufuata lile vumbi, ukifuta kingo zinabaki na meno kama msumeno. Na kama mkononi una DST peke yake (lile faili la mishono linaloingia kwenye mashine) ndio kabisa, lile faili halibebi hata rangi, linajua sindano iende wapi, iruke wapi na mashine isimame wapi basi, kaa uchambue mshono mmoja mmoja.

Mwisho wa siku kazi yote naifanya kwenye programu ya picha: napunguza rangi zilingane na nyuzi nitakazotumia, namwaga pinki kali nyuma ili uchafu ujianike, nasafisha kwa mkono, nahifadhi PNG (ukirudi kwenye JPEG bakgraundi inarudi, haijui uwazi hiyo). Logo ikiwa mbovu sana naichora upya juu yake. Sasa hicho kitufe nimekilipia cha nini?

Wangeweka tu onyo kwamba hapa kuna vipande chini ya milimita 1, nifute? Kwenye niliyolipia mimi sijaliona. Anayekitetea aje na picha ya kitambaa kilichoshonwa, mbele na nyuma, sio ya skrini.