Triga za ufunguo wa kigeni kwenye databesi ya PostgreSQL zinagoma kuondoka, naomba ushauri

mjenzi_data: Wakuu, habari zenu. Nina jedwali la wateja na la oda. Oda inamrejelea mteja kupitia mteja_id. Ufunguo wa kigeni (kanuni kwamba mteja anayetajwa kwenye oda lazima awepo) ulikuwa wa kawaida, mteja mwenye oda hafutiki. Sasa mahitaji yamebadilika, mteja akifutwa oda zake nazo ziondoke. Nikaongeza ufunguo wa pili wenye ON DELETE CASCADE, lakini bado nikifuta napata:

`update or delete on table "wateja" violates foreign key constraint "oda_mteja_id_fkey" on table "oda"`

Nimechungulia pg_trigger (orodha ya ndani ya triga, yaani vitendo vinavyojiendesha data ikibadilika), nimekuta triga nne kwenye wateja, majina kama RI_ConstraintTrigger_a_16543. DROP TRIGGER inakataa. Kuna jamaa kaniambia nifute mistari humo humo ndani ya pg_trigger. Nifanye hivyo?

kitasa: Usithubutu, mkuu! Hizo triga ni mikono ya kizuizi tu, yaani ule ufunguo wa kigeni, mwenyewe yuko pg_constraint, orodha ya vizuizi. Ukizifuta kwa nguvu, siku ukitaka kuondoa kizuizi chenyewe databesi itazitafuta izikose, amri ife. Halafu pg_dump, programu ya kuchukua bekapu, inasoma pg_constraint, kwa hiyo ukirejesha bekapu, zuio linarudi kama lilivyokuwa.

Kila ufunguo wa kigeni huzaa triga nne: mbili kwenye jedwali linalorejelewa, mbili kwenye linalorejelea. Wewe una funguo mbili, ndiyo maana wateja ina nne. Hakikisha:

`SELECT conname, confdeltype FROM pg_constraint WHERE conrelid = 'oda'::regclass AND contype = 'f';`

Herufi a ni NO ACTION (kufuta kunakataliwa oda zikiwepo), c ni CASCADE (oda zinafutwa pamoja na mteja).

mwanagenzi: Si azime tu kwa ALTER TABLE wateja DISABLE TRIGGER ALL, afute, kisha awashe?

kitasa: Hapana. Kwanza inadai haki za superuser (msimamizi mkuu wa databesi). Pili, hata CASCADE nayo inazimika, oda zitabaki bila mwenyewe, na ukiwasha tena hakuna kinachokagua yaliyopita.

mjenzi_data: Nimekuta mbili: oda_mteja_id_fkey ni a, oda_mteja_id_fkey1 ni c. Lakini mbona CASCADE haikufanya kazi hata kidogo?

bibi_seva: Triga za tukio moja hufuata mpangilio wa majina, na jina hubeba namba iliyotolewa wakati wa kuundwa. Ya zamani inatangulia, inaona oda bado zipo, inasimamisha kila kitu. CASCADE haifikiwi. Ondoa kizuizi, triga zake nne zitaondoka nacho:

`BEGIN;`
`SET LOCAL lock_timeout = '5s';`
`ALTER TABLE oda DROP CONSTRAINT oda_mteja_id_fkey;`

Kabla ya COMMIT (kuthibitisha mabadiliko) jaribu kumfuta mteja mmoja wa majaribio. Ukiona mambo siyo, ROLLBACK inarudisha kila kitu, kizuizi na mteja. Usikae humo muda mrefu, maana amri hiyo inafunga majedwali yote mawili na wengine wote watasubiri. Hiyo lock_timeout ni ili usikwame kwenye foleni ukawakwamisha na walio nyuma yako.

Na angalia kama kuna jedwali jingine linalorejelea oda. Likiwa na NO ACTION, kufuta kutakwama hapo.

mjenzi_data: Lipo, la malipo, nalo ni a. Kizuizi cha zamani nimekiondoa, mteja asiye na malipo anafutika na oda zake. La malipo naliacha hivyo hivyo. Oda iliyolipiwa haifai kupotea kimyakimya. Asanteni sana wakuu.