Siku ya kuandika programu, Milton Keynes, Uingereza: tuifanyeje?

Katibu:
Ndugu zangu, habari za jioni. Kwenye kikao kilichopita tulikubaliana, kwa mdomo tu kama kawaida yetu, tufanye mchana mmoja wa kuwaonjesha watu wetu kazi ya kuandika programu za kompyuta. Nilichofikiria ni mzungumzaji mmoja, slaidi kwa saa mbili, kisha pilau. Bango nimeshalirusha kwenye kundi la WhatsApp, nikaliita "Utangulizi wa Kodi", nikimaanisha "code", yale maagizo tunayoiandikia kompyuta. Tangu asubuhi nimepigiwa simu na watu watatu: wawili wanauliza kama tutawasaidia na kodi ya halmashauri, wa tatu anadaiwa na mwenye nyumba. Nipeni mawazo.

Fundi:
Katibu, bango lishushe leo hii. Andika "kuandika programu", ndefu lakini haimtishi mtu.

La pili, slaidi ziache. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, na bado slaidi za saa mbili hunilaza usingizi, sembuse mtu aliyetoka shifti ya usiku. Maneno yawe dakika kumi, halafu kila mtu aguse kibodi. Wawili kwa kompyuta moja, si mmoja mmoja: akikwama huyu, mwenzake anaona.

Wakubwa tuwape Python, lugha mojawapo ya kuandikia programu, na tusiwasumbue kusakinisha chochote. Ipo Google Colab, inafanya kazi ndani ya kivinjari, ukiwa na akaunti ya Google basi. Na mifano isiwe ile ya vitabuni. Tuanze na upatu, maana hakuna asiyeujua:

mchango = 50
watu = 12
print(mchango * watu)

Inatoka 600. Sasa mwambie abadilishe 12 iwe 11, kwa sababu kuna mmoja kachukua zamu yake akahamia Birmingham. Inatoka 550. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini tunaweka jina badala ya kuandika namba kila mahali. Majina ya Kiswahili Python inayakubali bila tatizo, mradi yasiwe na nafasi katikati wala ritifaa kama ya ng'ombe. Tukimaliza hapo, tunaweka orodha ya wanachama na kuizungusha, kila mwezi na mpokeaji wake. Dakika tisini zimekwisha.

Tahadhari moja, na imeshanitia aibu mbele za watu: msiwatumie mazoezi kwa Word wala kwa ujumbe wa simu. Ile programu ya kuandikia hugeuza alama za kunukuu zikawa zimepinda, na Python haizitambui. Watu kumi wanapata kosa lilelile na wote wanadhani wajinga ni wao. Bora karatasi, waandike kwa vidole vyao.

Bi Mkubwa wa Bletchley:
Wanangu, hamjambo? Mbona watoto hamjawataja? Wangu ana miaka tisa, na kwenye hiyo Python yenu atamaliza sambusa zote kabla ya 550.

Tena saa. Mkiandika "saa nane mchana", sisi tutakuja saa nane, na hawa waliozaliwa huku watakuja lini? Mwaka jana mpwa wangu alifika ukumbini asubuhi, akakuta mlango umefungwa.

Fundi:
Shikamoo Bi Mkubwa. Watoto wawe na meza yao, watumie Scratch, programu ya kuwafundishia watoto. Imetoka MIT, chuo kikuu cha Marekani, ipo hadharani tangu 2007, ni bure, na mtoto anaweza kuanza bila kufungua akaunti. Unapanga vipande vya rangi kama vigae, huandiki. Juu kuna menyu ya mipangilio (Settings), na ndani yake sehemu ya lugha. Ukiibonyeza unachagua Kiswahili. Binafsi ningewaachia watoto Kiswahili hichohicho, wakwame kwenye neno wamwulize bibi. Hapo na bibi ana kazi.

Ila mzazi asimwache mtoto akaenda zake dukani. Abaki. Na picha za watoto zisirushwe bila ruhusa ya mzazi.

Mbeba boksi:
Mimi niseme ukweli. Mara ya mwisho kuletewa "mtaalamu wa kompyuta" alitumaliza. Kozi ya pauni 1,500, kazi uhakika, miezi mitatu. Nililipa. Cheti ninacho, na bado niko ghalani napakia maboksi. Kama ni biashara ya mtu, semeni mapema nikalale.

Fundi:
Pole sana ndugu yangu. Sina kozi ya kuuza, na hakuna atakayetoka pale akiwa ameajiriwa, hilo nitalisema dakika ya kwanza. Kinachowezekana mchana mmoja ni kujua kama kitu hiki unakipenda. Atakayekipenda, Open University, chuo kikuu cha masomo ya mbali, ipo hapahapa mjini kwetu, na masomo yao ya OpenLearn hayalipiwi hata senti. Aanzie huko kabla ya kumpa mtu yeyote pesa. Njoo, tena ukae mbele.

Katibu:
Haya, nimefuta bango. Jipya litasema 14:00, kwa tarakimu, Jumamosi, ili wa usiku wapate kulala kwanza. Ukumbi wameniuliza bima ya dhima kwa umma, ile ya mgeni akiumia, nami sikuwa na jibu, kwa hiyo kesho napita maktaba kuulizia chumba. Kompyuta kule zipo tayari. Ikishindikana tutarudi ukumbini, kila mwenye laptopu aje nayo na chaja yake. Fundi, ufike siku moja kabla ujaribu intaneti yao, maana hizi za wageni hufunga tovuti ovyo.

Pilau itasubiri mwisho, mbali na kibodi. Sambusa vilevile, Bi Mkubwa.

Tunahitaji ekstensheni tatu, na ninazo mbili. Ya tatu ilikwenda kwenye harusi mwezi Agosti. Aliyenayo anajijua.