Mrejesho: Mzabibu uliojaa majani bila vichala

Wakuu, niliuliza kwa nini mzabibu niliopandisha kwenye kichanja cha baraza, hapa Dodoma mjini, unatoa kivuli kizuri lakini hauzai. Umezaa.

Dawa ilikuwa mkasi. Vichala hutoka kwenye chipukizi jipya linaloota juu ya tawi lililokomaa la msimu uliopita, lile la kahawia. Matawi yakiachwa yote, yanazibiana jua na macho (vile vivimbe vya tawi vinavyochipua) yaliyo kivulini hayajengi maua. Kwa hiyo maji yalisitishwa wiki mbili, kisha kila tawi likabakizwa macho 2 hadi 3, mkato ukiwa kama sentimita 2 juu ya jicho la mwisho. Urea nayo basi. Ndiyo iliyokuwa ikinenepesha majani. Samadi iliyooza, debe moja, inatosha.

Angalizo kwa wenye vibaraza: majani yakisongamana, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, haukawii. Ukiona unga mweupe, punguza majani yanayofunika vichala, halafu piga dawa ya salfa asubuhi na mapema. Ukipiga jua likiwa kali, majani yanaungua.

Na msivune mapema. Zabibu haiongezi utamu ikishakatwa. Onja punje ya ncha ya kichala, ndiyo huchelewa kuiva.